Shajara ya Mtaro Wetu: Kutoka Kiangazi Hadi Mvua

Wiki ya 1

Kiangazi kimeingia. Mti mkubwa wa kona unapukutisha majani, na kila gari likipita vumbi linatanda mpaka madirishani. Huu ndio msimu ambao watu husahau mtaro, maana umekauka. Sisi tumeamua ndio msimu wa kuushika. Mtaro haufukuliwi mvua ikinyesha. Ukisubiri maji yafike mlangoni, utakachookoa ni godoro tu.

Kamati tumekutana jana jioni chini ya mti huohuo, watu kumi na wanne. Tumekubaliana kwamba mpaka mvua zirudi, nguvu zote ziende kwenye mtaro wa barabara ya chini. Taa, miti na mengine yafuate yakipata nafasi. Mimi nimepewa kazi ya kuandika shajara hii, ili asiyekuwepo ajue tumefanya nini, tumekosea wapi na nini kimebaki.

Bibi wa nyumba ya saba alikuja na kigoda chake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, kitanda changu kiko juu ya matofali, huu mwaka wa nne. Nitaamini nikiona." Hakuna aliyemjibu. Hatukuwa na la kumjibu.

Wiki ya 2

Kabla ya kugusa koleo tumepita nyumba kwa nyumba na daftari. Swali lilikuwa moja: mvua kubwa ya msimu uliopita, maji yalifika wapi kwako? Watu hawakumbuki sentimita, lakini wanakumbuka vizuri sana. "Yalifika kwenye soketi." "Yalilowesha ncha ya shuka." "Yaliishia ngazi ya pili." Kwenye kuta za nyumba tatu alama ya tope bado ipo, tukaipima. Nyumba zinazopakana na mtaro ni 31. Zilizoingiliwa na maji ni 9.

Kijana mmoja anayesomea upimaji alichora mtaa wote kwenye karatasi kubwa, na kila nyumba iliyoingiliwa na maji tukaiwekea nukta nyekundu. Nukta hazikutawanyika. Saba kati ya tisa zimejazana sehemu moja, juu kidogo ya kalavati linalopitisha mtaro chini ya barabara. Mwaka 1854 daktari John Snow alichora hivyohivyo vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya Soho, London, vikaonekana vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Zetu zimelizunguka kalavati. Na sisi miaka yote tulikuwa tunalaumu mvua, wengine wakiwalaumu jirani wa juu kwamba wanatuachia maji yao.

Wiki ya 3

Tumepima mteremko. Hatuna vyombo vya kipimaji, tumetumia pima maji ya mpira kama wafanyavyo mafundi ujenzi. Unachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wetu ulikuwa wa mita 12, unaujaza maji, mtu mmoja anashika ncha hii kwenye ubao wenye alama za sentimita na mwenzake ncha ile. Mpira hata ukipinda namna gani katikati, maji ya ncha mbili hukaa kimo kimoja. Ukitoa usomaji wa ubao mmoja kwenye mwingine, unapata sakafu ya mtaro imeshuka kiasi gani kati ya sehemu hizo mbili. Povu moja la hewa likikwama ndani, kipimo kinadanganya. Kwa sababu ya povu tulirudia mita 40 za kwanza zote.

Kwa kuwa sakafu imefunikwa na tope, kila mita 10 tulichomeka nondo mpaka igonge zege, tukapima kutoka hapo. Mtaro una urefu wa mita 140. Kutoka mwanzo mpaka mwisho unashuka sentimita 70, yaani nusu sentimita kwa kila mita. Si mteremko mkali, lakini maji yanatembea.

Kasoro iko mdomoni mwa kalavati. Pale nondo iligonga zege mapema: mdomo uko juu ya sakafu ya mtaro kwa sentimita 6. Kwa mteremko wetu, sentimita 6 zinatosha kusimamisha dimbwi la mita 12 nyuma yake, hata mtaro ukiwa msafi kama sahani. Maji yanayokwenda hubeba mchanga, yakipunguza mwendo huutua. Mchanga ukishatua, dimbwi linasogea juu zaidi, na mchanga mwingine unatua juu ya ule. Leo, mita tatu kabla ya kalavati, tope limefika sentimita 38 katika mtaro wenye kina cha sentimita 50. Nafasi iliyobaki kwa maji haifiki robo.

Mtaro huu tulishaufukua mara mbili miaka iliyopita, kwa jasho la kweli, na mara zote mbili ulijaa tena ndani ya msimu mmoja. Tulikuwa tunatoa tope bila kuuliza kwa nini linatua palepale. Usiku ule sikulala vizuri nikiwaza jumamosi zote zile.

Wiki ya 4 hadi ya 6

Kazi imeanza, na imeanzia chini. Hili lilizua ubishi. Wenye nyumba za juu walitaka tuanze kwao, kwa kuwa ndiko mtaro unakoanzia. Lakini ukisafisha juu kwanza huku chini kumeziba, unampelekea jirani wa chini maji mengi zaidi kwa kasi zaidi. Mwenyekiti alisimama kidete, tukaanza upande wa pili wa kalavati kabisa, yanakomwagikia maji, tukawa tunapanda.

Nimepiga hesabu: kwa upana wa sentimita 60 na tope la wastani wa sentimita 25, ni karibu mita za ujazo 21. Toroli letu linabeba lita 65 hivi. Ni zaidi ya safari 300, na ndivyo ilivyokuwa. Vijana sita, jumamosi tatu na jioni kadhaa.

Nani atasahau harufu ile? Juu ni vumbi jeupe lililopasukapasuka kama ganda la kidonda. Chini ya kiganja kimoja ni tope jeusi, laini, linalong'ang'ania koleo na kutoa mlio linapoachia. Ndani yake mifuko ya plastiki iliyojikunja tabaka kwa tabaka, chupa, nyuzi, vipande vya vigae, na kiatu cha mtoto kilichokuwa bado na kamba zake zimefungwa. Yule kijana aliyekiokota alikiosha kwenye ndoo, akakiweka juu ya ukuta. Hakuna aliyekuja kukidai.

Sheria tuliyojiwekea ni kwamba haingii mtu bila buti za mpira na glavu nene. Tope la mtaro lina vipande vya vioo na vyuma, na chanjo ya pepopunda si jambo la kuuliza baada ya kuchomwa. Mkojo wa panya nao hueneza ugonjwa wa leptospirosisi kupitia ngozi iliyochubuka. Mwenye jeraha alipewa kazi ya toroli au ya daftari, hata kama ana nguvu kuliko sote.

Sheria ya pili ni tope lisilale ukingoni. Linaachwa siku mbili lichuje maji, kisha linaondoka. Tope linaloachwa ukingoni hurudi lilikotoka na mvua ya kwanza, na hili tumelishuhudia miaka iliyopita kwa macho yetu. Lori tuliloahidiwa lilichelewa siku nane. Siku hizo zote tulizunguka tukifunika marundo kwa maturubai na kuomba mawingu yapite mbali. Yalipita.

Wiki ya 7

Habari njema kuliko zote. Tuliporudi mdomoni mwa kalavati na kuosha zege kwa ndoo, tukakuta kinundu cha sentimita 6 si bomba lenyewe. Ni kizingiti cha saruji kilichomwagwa mbele ya bomba, rangi yake tofauti na zege la mtaro, na alama za mwiko bado zinaonekana juu. Pengine fundi alizuia maji apate kufanya kazi nyingine pakavu, akaondoka bila kukivunja.

Hatukukimbilia nyundo. Barabara si mali yetu, na bomba likipasuka barabara inatitia. Tulimwita mhandisi wa jiji, akaja, akamulika ndani kwa tochi, akapiga bomba kwa kiwiko cha nondo akisikiliza mlio, akaandika ruhusa palepale. Kwa tindo na nyundo, mafundi wawili walikimaliza kwa asubuhi moja. Nilikibeba kipande kimoja mkononi. Kizito kama tofali, upande mmoja kimekwaruzwa na mchanga wa miaka. Nyumba saba, misimu minne, kwa ajili ya hiki.

Mchana tuliweka chujio la nondo mita mbili kabla ya kalavati. Tumelilaza, hatukulisimamisha wima. Chujio lililosimama hubandikwa na takataka zote kwa pamoja na kugeuka ukuta. Likilazwa kufuata mwendo wa maji, takataka hupanda juu yake, na chini maji yanaendelea kupita. Pia reki inazivuta kirahisi.

Wiki ya 8

Wiki ya mifuniko, na wiki ya kosa letu.

Mtaro hatuufuniki wote. Uliofunikwa wote hauonekani ukijaa, na usioonekana hausafishwi. Tunafunika vivuko tu, mbele ya milango na pale watoto wanapovukia kwenda shule, jumla vivuko 18. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa mfuniko wa sentimita 80 kwa 60, unene 10. Nikapiga hesabu ya uzito: zege la mita moja ya ujazo lina kilo 2,400 hivi, kwa hiyo mfuniko mmoja ungekuwa na kilo 115. Nani ataunyanyua kusafisha chini yake? Tumeupunguza: 80 kwa 30, unene 8, na vishikio viwili vya chuma. Sasa ni kilo 46, watu wawili wananyanyua.

Mifuniko mitano ya kwanza tuliiharibu. Tulipanga nondo kwenye kalibu, tukamwaga zege, tukalitikisa litulie, na nondo zikabaki karibu na uso wa juu bila mtu kuangalia. Mfuniko unaokanyagwa katikati hujipinda kwenda chini, kwa hiyo unaovutwa ni upande wa chini, na huko ndiko nondo zinakotakiwa. Kijana mmoja alikanyaga mfuniko wa kwanza kuujaribu ukiwa juu ya mbao mbili. Ufa ukatembea kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuumia, lakini nilitetemeka, maana ule ulikuwa uende kwenye kivuko cha watoto.

Mitano yote tumeivunja, vipande tumejazia shimo la njia ya miguu. Iliyofuata tuliinyanyulia nondo kwa vijitofali vya zege vya sentimita 2 na nusu, zikabaki chini mahali pake. Kisha tukaifunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege halikauki kama nguo. Saruji inahitaji maji ili ishike, na likikaushwa mapema hubaki dhaifu. Nguvu yake ya kuhesabiwa hupimwa siku ya 28, kwa hiyo mifuniko itawekwa wiki ya 12. Watoto waliopewa zamu ya kumwagilia hawakukosa hata siku moja.

Wiki ya 9

Mambo mafupi.

Taa tatu za barabarani zimewaka tena baada ya kubadilishwa. Ya nne bado.

Tulipanga kupogoa mti wa kona kabla ya upepo wa mwanzo wa mvua, maana tawi moja linaegemea nyaya. Tulipopanda ngazi tukakuta viota vinne, viwili vina makinda. Tumekata tawi hilo moja tu, mengine yatasubiri makinda yaruke.

Majani yaliyofagiliwa tangu wiki ya kwanza yamegeuka rundo la mboji nyuma ya ukumbi. Majani makavu peke yake huoza polepole, tumeyachanganya na nyasi mbichi na kuyageuza kila wiki. Leo nimeingiza mkono katikati ya rundo nikautoa haraka, kulivyo moto. Tope la mtaro hatulichanganyi humo hata kidogo, lina mafuta ya magari na mengine tusiyoyataka kwenye udongo.

Wiki ya 10

Mawingu yameanza kukaa jioni. Dada mmoja ambaye ni muuguzi amewachukua watoto wa mtaa kuwaonyesha viluwiluwi vya mbu. Alichota maji ya tairi moja kwenye gilasi, akaiinua kwenye mwanga. Viluwiluwi vilikuwa vimening'inia kichwa chini, vikipumulia mkia usoni mwa maji. Akaitikisa gilasi kidogo, vyote vikazama kwa kujinyonganyonga, kisha vikarudi kimoja kimoja. Watoto walinyamaza kimya kabisa.

Akawaeleza kwamba kwenye joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana siku ya kumwaga maji yaliyosimama inatakiwa iwe kila wiki, si kila mwezi. Na Aedes aegypti, yule anayeeneza dengi, hapendi mtaro mchafu. Anapenda ndoo yako, kopo lako, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji, kwa hiyo chombo kisimwagwe tu, kisuguliwe kuta zake. Kulingana na hesabu ya watoto, siku ile wamemwaga vyombo 63.

Wiki ya 11

Imenyesha. Mvua ya kwanza, ya alasiri, yenye harufu ile ya udongo. Kipimo chetu ni chupa iliyonyooka iliyokatwa kichwa, kikapigwa alama za milimita. Kilisoma 14.

Nilisimama kwenye mtaro na saa. Unaangusha jani kavu, unalihesabia muda kwa mita 10. Letu lilichukua sekunde 16. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo mwendo wa kweli ni kama nusu mita kwa sekunde. Ili mchanga usitue inatakiwa karibu mita 0.6. Tuko mlangoni. Mvua ikiwa kubwa zaidi maji yataongezeka kina na kasi.

Siku iliyofuata tulipanda miti 11. Mashimo yana upana mara tatu ya mzizi, lakini kina hakizidi mzizi, maana mti uliozikwa shina huoza polepole. Mboji imewekwa juu kuzunguka shina, bila kuligusa. Yote iko mita tatu au zaidi kutoka mtaroni, tusije tukapigana na mizizi baada ya miaka kumi.

Wiki ya 12

Mifuniko ya vivuko 18 imewekwa. Mmoja unacheza, umewekewa kabari kwa muda.

Wiki ya 13

Mvua tuliyokuwa tunaiogopa imekuja usiku wa kuamkia jumatano. Ilianza saa tano usiku, ikaacha alfajiri. Kipimo kilisoma milimita 46. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa moja la mita za mraba 80 lilimwaga peke yake karibu lita 3,700. Zidisha kwa mapaa yote, ongeza barabara.

Saa saba usiku tulikuwa watu tisa mtaroni na tochi. Chujio lilikuwa limevaa majani na mifuko mpaka nusu, vijana wawili wakiyavuta kwa reki bila kupumzika, na kila walipovuta maji yalishuka ghafla kwa sauti kama mtu anayemeza. Maji yalifika sentimita 36 kati ya 50. Nilijaribu jani, nikashindwa kuliona gizani. Nikaangusha kipande cha mbao cheupe, kikapita mita 10 kwa sekunde 9. Mdomoni mwa kalavati maji yaliingia yamenyooka, hakuna dimbwi wala kurudi nyuma.

Kati ya nyumba 9, nane zimeamka kavu. Ya tisa, ya mwisho karibu na kona, iliingia maji kimo cha kidole. Tumeiangalia asubuhi: ua wake uko chini kuliko barabara, maji yanaingia kwa langoni, si kwa mtaroni. Hiyo ni kazi nyingine, na familia ile ina haki ya kutuambia tumeichelewesha.

Saa kumi na moja nilimpitia Bibi wa nyumba ya saba. Alikuwa macho, ameketi kitandani na taa mkononi, miguu ameipandisha kama alivyozoea. Aliniambia nivue buti niingie. Sakafu ilikuwa kavu mpaka kwenye pembe. Akaishusha taa chini polepole, akamulika ukuta wa nyuma, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, akarudia tena.

Nikamuuliza kama tumsaidie kuyatoa matofali.

"Yaache kwanza, mwanangu," akasema. "Mvua bado zipo."

Ni kweli, zipo. Zamu ya chujio wiki ijayo ni ya nyumba ya 12 hadi ya 15, na reki ya pili mpini wake umevunjika usiku ule. Mwenye mpini alete kabla ya jumamosi.